Gari la hewa litafika Mang'ola?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nimepata Land Rover Discovery 4 ya mwaka 2014, dizeli ya lita 3.0, hapa hapa Arusha. Ndani ni nzuri mno, na bei yake iko chini sana ukilinganisha na Prado ya umri uleule. Mimi nalima vitunguu Mang'ola, huko Karatu, kwa hiyo kila mwezi nashuka shamba mara kadhaa: vumbi, mawe, makorongo, na wakati wa masika ule udongo mweusi unaonata. Siku nyingine niko mjini tu. Mume wangu anasema gari la hewa, yaani linalobebwa na mifuko ya hewa badala ya springi, ni la kwendea harusini. Fundi wetu anasema nikilinunua, kazi ya kwanza ni kung'oa hewa na kuweka springi. Muuzaji naye anasema nikizungusha kile kitufe cha katikati, gari linajua lenyewe la kufanya, hata mtoni linapita. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, katika swali lako naona hofu mbili zimefungwa pamoja: kwamba gari litakushinda njiani, na kwamba litakumaliza pesa. Tuzitenganishe, kwa sababu majibu yake hayafanani. Kwa uwezo wa kupita njia mbaya, Discovery 4 iliyo nzima ni gari hodari kweli, na hiyo hewa anayoitilia shaka mume wako ndiyo inayolipa sehemu kubwa ya uhodari huo. Kwa upande wa pesa, shemeji ana haki ya kuogopa, ila kidole anakielekeza pasipo. Hewa ikiharibika itakuudhi. Kitu cha kukufilisi kwenye gari hilo ni injini, na nitaifikia.

Nianze na hewa, maana ndiyo imewagawa nyumbani.

Discovery za mwanzo, zilizotoka 1989, zilikuwa na springi za chuma na ekseli ngumu (chuma kimoja kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia) mbele na nyuma. Ndizo zilizokatiza nchi yetu mwaka 1991 kwenye mashindano ya Camel Trophy ya Tanzania na Burundi, na mafundi wengi wa rika la kati wamejifunzia kazi kwenye magari ya namna ile. Ilipotoka Discovery 3 mwaka 2004, Land Rover walibadilisha karibu kila kitu. Kila tairi likawa na mikono yake, likipanda na kushuka bila kulivuta la upande wa pili, na mahali pa springi pakawekwa mifuko minne ya mpira iliyojaa hewa. Discovery 4, iliyokuja 2009, ilirithi mpango huo huo. Fundi wako akisema hilo si Land Rover analolijua yeye, anasema kweli. Ila gari asilolizoea fundi si lazima liwe gari baya.

Mifuko hiyo inajazwa na kompresa ndogo ya umeme iliyofichwa chini ya gari, yenye tangi lake la akiba. Kila pembe ina sensa inayopima urefu wa gari kutoka kwenye tairi, na kompyuta husoma sensa hizo muda wote na kufungua valvu kuongeza au kupunguza hewa. Kwa hiyo gari hilo lina vimo kadhaa. Barabarani, nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari ni milimita 185. Ukibonyeza swichi ya kuinua, inafika milimita 240. Prado ya kizazi hicho ina karibu 220 muda wote, ikiwa lami au ikiwa korongoni. Ina maana Discovery inakuwa chini na kutulia unapokwenda mwendo mkali, halafu inaipita Prado kwa kimo pale mawe yanapoanza. Ukikaza mwendo hadi kama kilomita 50 kwa saa, inajishusha yenyewe. Usishtuke ikifanya hivyo, na usijaribu kukimbia ikiwa juu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalielezi, na kwangu ndilo zuri kuliko yote. Gari ambalo kila tairi linajitegemea huwa na udhaifu kwenye makorongo: tairi moja likipanda jiwe, la upande wa pili hubaki linaning'inia, na tairi linaloning'inia halisukumi kitu. Land Rover waliunganisha mifuko ya kushoto na kulia kwa valvu. Gari likiwa nje ya barabara, valvu hizo hufunguka, hewa inayobanwa kwenye tairi lililopanda inahamia upande wa pili na kulisukuma lile lingine lishuke likatafute ardhi. Gari linajifanya lina ekseli ngumu pale tu panapohitajika. Na likikwama tumbo juu ya tuta, kompyuta inagundua kwamba matairi hayabebi uzito kama inavyotegemea, na hujiinua zaidi ya kile kimo cha kawaida cha nje ya barabara.

Sasa fikiria umeng'oa hayo yote ukaweka springi. Umebaki na gari lenye kimo kimoja, tairi linaning'inia korongoni, na nyuma inazama ukipakia magunia. Tena itabidi ufunge kifaa cha kuidanganya kompyuta ili taa ya dashibodi isiwake. Sisemi hakuna anayestahili kufanya hivyo. Mtu anayeishi mbali sana, asiye na fundi wa umeme wa magari karibu, anaweza kuchagua springi na nikamwelewa. Wewe uko Arusha, mji ambao Land Rover zimejaa. Kuanza kwa kung'oa ni kutoa jino ambalo halijauma bado.

Lakini hewa inakufa kweli, na ni vizuri ujue inavyokufa. Mpira wa mfuko hujikunja na kujikunjua kila siku, na pale kwenye mkunjo, vumbi na umri huupasua taratibu. Tundu huwa dogo tu mwanzoni. Gari linalala kidogo usiku, asubuhi kompresa inaliinua, na mwenye gari haoni tatizo. Siku zinavyokwenda kompresa inafanya kazi mara nyingi kuliko ilivyotengenezewa, inapata joto, na mwisho inaungua. Hapo ndipo gari linafikishwa gereji, fundi anakuta kompresa imekufa, anaweka mpya, na baada ya miezi inaungua tena. Watu wanahitimisha kwamba hewa ni balaa. Kompresa ilikuwa mhanga. Aliyekosea ni ule mfuko mmoja uliovuja, ambao hakuna aliyeutafuta.

Kumtafuta ni kazi ya futi ya kupimia tu. Mwombe muuzaji akuachie gari lilale mahali tambarare. Jioni, baada ya kulizima, pima kutoka katikati ya kikombe cha rimu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, uandike. Asubuhi kabla hujafungua mlango, pima tena. Likiwa limeshuka milimita chache pembe zote, usijali, maana gari hilo huamka lenyewe likiwa limeegeshwa na kujisawazisha. Pembe moja ikiwa imezama sentimita kadhaa, umempata mgonjwa. Nyunyiza maji ya sabuni yenye povu kwenye mkunjo wa mfuko huo na kwenye maungio ya bomba lake, utaona mapovu yanapotoka. Halafu washa gari, lishushe hadi mwisho, kisha lipandishe hadi mwisho huku ukisikiliza. Linatakiwa kupanda kwa utulivu. Dakika zikipita huku kompresa inalia na gari halijafika, kompresa imechoka.

Naomba uniahidi jambo moja hapa: wewe, fundi au kijana wa kuosha magari, asiingie mtu chini ya gari hilo likiwa limesimama kwa hewa yake tu au kwa jeki peke yake. Valvu ikifunguka, tani mbili na nusu zinashuka bila taarifa. Stendi za chuma kwanza, ndipo mtu aingie.

Tuje kwa muuzaji na kitufe chake. Kitufe kile, Terrain Response, ni kitu halisi, si mapambo. Kina alama za barabara ya kawaida, majani na changarawe, tope na makorongo, mchanga, na mwamba. Kila unapokigeuza, kompyuta inabadilisha mambo kadhaa kwa pamoja: ukali wa pedali ya mafuta, jinsi gia zinavyobadilika, kimo cha gari, namna difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi) zinavyofungwa, na kiasi cha mtelezo wa tairi kinachovumiliwa kabla breki haijaingilia. Kwenye changarawe pedali inakuwa laini ili matairi yasichimbe. Kwenye mchanga inakuwa kinyume, kwa sababu pale gari linahitaji kwenda bila kusita.

Kwa nini breki iingilie? Difu ya kawaida ina tabia mbaya: nguvu hukimbilia tairi lenye kazi rahisi. Tairi moja likiwa kwenye tope, linazunguka bure huku la upande wa pili limesimama. Gari lako linaligundua hilo kupitia sensa zilezile za breki za ABS, linaligandamiza breki lile tairi linalozunguka bure, na nguvu inalazimika kwenda kwa mwenzake. Difu ya katikati ina loki yake inayoendeshwa na mota ya umeme. Ya nyuma inaweza kuwa na loki au isiwe nayo, kwa sababu iliuzwa kama nyongeza. Fungua ukurasa wa 4x4 kwenye skrini ya gari ukiwa kwenye alama ya mwamba: ukiona kufuli dogo kwenye ekseli ya nyuma, unayo. Kwa njia za makorongo ningelipa zaidi kidogo kuipata.

Na kwa kuwa gari lako ni la 2014, kuna swali muhimu kuliko hilo. Kuanzia modeli za mwaka huo, baadhi ya Discovery 4 zilitoka kiwandani bila gia nzito, ile ambayo kwenye Toyota tunaiona imeandikwa 4L. Kwa macho, magari hayo yanafanana kabisa. Simamisha gari, weka N, bonyeza swichi ya gia nzito karibu na kile kitufe, na usubiri dashibodi ithibitishe kwamba imeingia. Swichi ikiwa haipo, au dashibodi ikikaa kimya, hilo si gari la Mang'ola, hata kama ngozi ya viti inang'aa vipi. Gia nzito inapunguza mwendo karibu mara tatu na kuongeza nguvu kwenye tairi kwa kiasi hicho hicho. Bila hiyo, kushuka korongo lenye mawe ukiwa na mzigo ni kutegemea breki tupu, na kupanda ni kuichosha gia boksi.

Hata ukiwa na vyote hivyo, kompyuta haiwezi kuumba mshiko pasipo na mshiko. Ule udongo mweusi wa masika hujaza meno ya tairi hadi likawa laini lote, na matairi manne laini yanateleza kwa ushirikiano mzuri tu. Discovery nyingi zinauzwa na rimu za inchi 20 zenye tairi la lami la ubavu mfupi. Tafuta rimu za inchi 19, tairi la 255/55 lenye meno ya nje ya barabara na ubavu mgumu. Kwenye mchanga punguza upepo, na ubebe pampu ya kuurudisha. Nakuambia kwa uzito wote: matairi sahihi yatakusaidia kuliko alama zote za kile kitufe, na kama pesa inatosha kitu kimoja tu mwezi wa kwanza, iende huko.

Kuhusu mto, muuzaji amekuambia jambo la hatari. Ni kweli kiwanda kinaruhusu gari hilo kuingia kwenye maji ya kina cha milimita 700, likiwa limeinuliwa. Sentimita 70 ni katikati ya paja la mtu mzima. Lakini kipimo hicho ni cha maji yaliyotulia, sakafu ngumu, mwendo wa polepole. Korongo lililojaa mvua ya mlimani ni kitu kingine kabisa. Maji yanasukuma, na gari lenye milango inayoziba vizuri linaanza kuelea kabla maji hayajaingia ndani. Likielea, uzito wake haukusaidii tena na matairi hayana pa kushika. Chini huoni kama mawe yamehama tangu wiki iliyopita. Maji yanayokwenda kasi yakikufika gotini, usiyaingie. Zima gari ng'ambo hii, subiri. Makorongo hujaa haraka na hupungua pia.

Sasa injini, ambayo hakuna aliyeitaja kati ya washauri wako watatu.

Dizeli hiyo ya lita 3.0 yenye silinda sita ni tamu sana kuendesha: nguvu farasi zaidi ya 250, na mvuto wa Nm 600 ambao unausikia ukipanda mlima wa Karatu na mzigo. Ugonjwa wake unaojulikana duniani kote ni beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Zinaweza kuzunguka mahali pake, krenki ikaharibika au ikakatika, na mara nyingine hakuna dalili ya mapema. Ikitokea hivyo hutengenezi, unanunua injini. Na kwenye gari hilo kazi nyingi kubwa za injini mafundi huona ni rahisi zaidi kuinyanyua bodi yote kutoka kwenye chesi, kwa hiyo hata ufundi wenyewe ni ghali.

Kinachoongeza hatari ni oili iliyozeeka. Ratiba ya kiwanda kwa Ulaya iliruhusu zaidi ya kilomita 20,000 kati ya sevisi na sevisi. Kwa vumbi letu na mwendo wa foleni, nakushauri usivuke 8,000 hadi 10,000, kwa oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Muulize muuzaji risiti za oili. Asiyekuwa na hata moja, mshukuru na uondoke. Ukikubaliana naye, mwombe fundi amwage oili na kukata filta katikati: vumbi la chuma linalometameta kwenye karatasi ya filta ni jibu tosha. Liwashwe likiwa limelala usiku kucha, usikilize mgongano wa chini chini sekunde za kwanza. Uliza pia taiming belti ilibadilishwa lini. Gari la miaka kumi na zaidi ambalo mwenyewe hana jibu, hesabu kazi hiyo kama sehemu ya bei. Na kama lina kichujio cha moshi, safari fupi fupi za mjini hukiziba. Safari zako za Karatu zitakisaidia kujisafisha.

Vitu vingine viwili vidogo vinavyowaumbua watu mashambani. Breki ya mkono ni ya umeme, na tope na mchanga vikiingia kwenye ngoma za nyuma hupiga kelele kali kisha hukwama. Ukitoka kwenye tope zito, zioshwe kwa maji, na zisafishwe kila sevisi. Na spea tairi imefungwa chini nyuma, inashushwa kwa winchi ndogo ambayo hushika kutu. Ishushe mbele ya muuzaji. Mara nyingi haitashuka, au itashuka tairi jembamba la dharura lisilofaa kwa mawe.

Je, ununue? Kama vipimo vyote vinapita, gia nzito ipo, risiti za oili zipo, na baada ya kununua utabaki na akiba ya kutosha kubadilisha mifuko miwili na kompresa bila kukopa, nunua kwa moyo mweupe. Utapata gari linalokwenda shambani kwa utulivu ambao Prado haina. Kama bei yake nafuu ndiyo inayomaliza akiba yako yote, chukua Prado, hata ya zamani zaidi. Spea zake ziko kila mji na fundi wa Karatu anaijua. Ikague tu usije ukachukua ya daraja la juu bila kujua, maana baadhi ya Prado hizo nazo zina mifuko ya hewa nyuma, na ushauri wote wa futi na sabuni unazihusu.

Kabla ya kulipa, ukaguzi huu usiufanye peke yako, na usiufanye na fundi mwenye mashine ndogo ya kusoma misimbo ya hitilafu za kawaida. Tafuta gereji yenye kompyuta inayoingia kwenye mfumo wa hewa, gia boksi ndogo (ile yenye gia nzito) na difu za Land Rover, isome kumbukumbu za hitilafu zote, hata zilizofutwa taa yake. Fundi wenu mchukue pia aone. Ndiye atakayelihudumia, na atakuwa na moyo zaidi akilifahamu. Na ukishalimiliki, taa ya oili ikiwaka au mlio wa kugonga ukitokea, zima injini hapo hapo ulipo, hata kama ni porini na giza linaingia, uite wa kukuvuta. Taa ya hewa haina ukali huo: gari litajishusha na kukutaka uende polepole, chini ya kilomita 50 kwa saa. Ukikwepa mawe makubwa, utafika nyumbani.